Mwanangu, kuhusu vile vidonge vya nywele

Marahaba mwanangu, huku Dodoma sote wazima, vumbi tu na jua, mama yako yuko uani anapepeta alizeti. Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unasema mimba imefika miezi mitano, nywele zinabaki kwenye kitana mpaka unaogopa kuchana, shoga yako kakupa kopo la vidonge vya vitamini ya biotini vya mikrogramu 10,000, halafu jirani kakwambia uwe unakoroga mayai mabichi mawili kwenye maziwa kila asubuhi uongeze damu, sasa unauliza baba we ulikaa maabara, kuna shida?

Naanza na mayai maana hapo nimeshtuka. Ule ute wa yai bichi una protini inaitwa avidini, inaikamata biotini na kuing'ang'ania mpaka inatoka nayo chooni, mwili haujapata kitu. Ukilipika yai avidini inaharibika, biotini inabaki yako. Sisemi hayo ya wiki moja yamekudhuru, upungufu wa hivyo unampata aliyekunywa mabichi mengi kwa muda mrefu, ila yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela na mimi sitaki kusikia unaharisha na homa na hilo tumbo. Chemsha mpaka kiini kigande kabisa, kama yale ya stendi wanayokumenyea na kukuwekea kachumbari.

Sasa biotini yenyewe. Ni vitamini B7, mwili unaitumia kwenye kuchakata mafuta, wanga na protini. Ikipungua kweli nywele zinakuwa nyepesi, ngozi inatoka ukurutu mwekundu kuzunguka macho, pua na mdomo, mtu anachoka, anakosa raha, mikono na miguu inachomachoma. Wewe ukurutu hujautaja, ndo maana siharakishi kusema ni biotini, nywele zinatoka pia kwa upungufu wa damu na kwa tezi ya shingo. Lakini na jambo lenyewe silidharau, mimba inaimaliza biotini haraka na watafiti wamekuta kama theluthi ya wajawazito wana upungufu mdogo ambao kwa macho huuoni. Kwenye panya upungufu huo umezalisha watoto wenye kaakaa lililopasuka, kwa binadamu haijathibitishwa, kwa hiyo usikae unalia usiku mama, kula tu vizuri. (Wanaotumia dawa za kifafa ndo nawahofia zaidi, baadhi ya dawa hizo zinashusha biotini, na hao wasiziache wenyewe, waongee na daktari.)

Mjamzito anahitaji mikrogramu 30 kwa siku, akinyonyesha 35. Kidonge chako kimoja ni zaidi ya mara 300 ya hiyo.

Na hapa nisikilize kama fundi wa maabara. Mashine nyingi za kupima damu zinafanya kazi kwa kutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, ndo kama gundi yake, sasa damu ikija imejaa biotini ya vidonge gundi inavurugika, majibu mengine yanatoka chini mengine juu. Niliwahi kushika karatasi ya mama mmoja, vipimo vya tezi vinasema tezi inafanya kazi kupita kiasi, nikamwangalia ametulia, mkono hautetemeki, mapigo ya kawaida, nikamuuliza unatumia nini akafungua pochi akatoa kopo kama hilo lako. Alikuwa karibu kuanzishiwa dawa ya ugonjwa asio nao! Marekani mamlaka yao ya dawa, FDA, ilitoa onyo mwaka 2017, kuna mgonjwa alifariki baada ya kipimo cha moyo kutoka chini kwa uongo sababu ya biotini nyingi.

Kwa hiyo weka kopo pembeni, nenda nalo kliniki, waambie KABLA hawajakutoa damu kwamba umekuwa ukimeza, na siku ngapi, wao watajua damu itolewe lini. Omba wakupime wingi wa damu na tezi. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi walivyokupa usiviache hata siku moja, hivyo si sawa na hivi.

Kesho mama yako anakutumia kwa basi karanga za Kibaigwa na hizo alizeti upate biotini ya chakula, kazikaanga na chumvi kidogo sana. Maini nayo yanayo, ila kula mara mojamoja tu, yana vitamini A nyingi, kwa mimba si nzuri ikizidi. Ukipata majibu nipigie unisomee namba zote, hata kama ni usiku.

Baba yako