Rangi ya Dhahabu Haitoboi Steinlesi

Wiki hii umeingia ujumbe wa fundi mmoja wa Malindi, na hasira zake zinasomeka hata kabla hujafika mwisho. Kapewa kazi ya kufunga vyuma vya ngazi kwenye nyumba ya wageni, bomba za steinlesi tupu (chuma kisichoshika kutu upesi), na biti za rangi ya dhahabu zinamwishia mkononi. Anataka nimtajie kampuni. Wengi wetu pwani hii tuna ugonjwa huo huo: tunauliza kampuni kabla ya kuuliza tunatoboa nini.

Tuanze na hiyo dhahabu. Ikiwa ni ya kweli, ni utando wa titaniamu naitraidi, mwembamba wa mikroni chache tu, uliopakwa juu ya chuma cha kawaida cha HSS, yaani chuma cha kukatia kinachostahimili joto. Unapunguza msuguano, na kwenye chuma laini biti hudumu zaidi. Lakini ukishainoa mara moja, utando umeondoka kwenye makali, umebaki kwenye mifereji ambako hauna kazi kubwa. Na ikiwa si ya kweli, basi ni rangi tu juu ya chuma cha kaboni kisichofaa hata kutoboa mabati mazito. Kuna njia ya kujua: gusisha mkia wa biti kwenye grinda kidogo. HSS hutoa cheche chache, nyekundu iliyofifia. Chuma cha kaboni hutoa cheche nyingi nyeupe zinazopasuka kama fataki. Mwenye duka atanuna, lakini hela ni yako.

Kwa steinlesi tafuta maandishi HSS-Co, HSS-E au M35 yaliyochongwa kwenye shina, yasiwe ya kubandikwa. M35 ina kobalti kama asilimia 5. Ipo pia M42 yenye asilimia 8, inayostahimili joto zaidi, lakini ni kavu na huvunjika upesi ukiiyumbisha. Hiyo waachie wenye mashine ya kusimama. Kwa drili ya mkononi M35 inatosha kabisa. Kisha tazama ncha: iwe na pembe ya nyuzi 135 na imepasuliwa katikati, ili ianze kuuma bila kutembea. Ncha ya nyuzi 118 ni ya mbao, alumini na chuma laini. Mwisho tazama makali mawili, yawe na urefu sawa. Likizidi moja, tundu litatoka kubwa kuliko biti na kali moja litabeba kazi yote mpaka life.

Sasa, hata M35 utaiua ukiikimbiza. Steinlesi ina tabia ya kukakamaa inaposuguliwa. Biti ikizunguka bila kukata, hata kwa sekunde chache, sehemu ile inageuka ngumu kuliko bomba lote, na biti inayofuata itateleza juu yake. Ndiyo maana ya pili hufa upesi kuliko ya kwanza, na ya tatu upesi kuliko ya pili. Hesabu ya haraka ya kasi ni hii: kwa steinlesi gawa 3,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita, kwa chuma cha kawaida gawa 8,000. Biti ya milimita 5 kwenye steinlesi ni mizunguko 600 kwa dakika, ya milimita 10 ni 300. Drili nyingi za betri zikiwa gia ya 1 huishia karibu na 500, kwa hiyo weka gia ya 1 na usifinye kitufe mpaka mwisho kwa biti kubwa. Mafundi wengi hutoboa gia ya 2, kisha wanalaumu Wachina.

Kwenye bomba piga alama kwa senta panchi, pigo moja la wastani. Ukigonga mara tatu nne unaikakamaza mwenyewe. Tia tone la mafuta ya kukatia. Ukiyakosa, mafuta ya kupikia ni afadhali mara kumi kuliko kutoboa kavu. Kandamiza kwa nguvu tangu mwanzo, na kitu cha kutazama ni kile kinachotoka: uzi wa chuma uliojikunja, mrefu, unang'aa, hapo unakata. Ukiona unga au moshi, simama. Usiendelee kwa matumaini. Ukitaka tundu la milimita 10, anza na 4 kisha nenda 10 moja kwa moja. Kupanda ngazi 4, 5, 6, 8 kunakula pembe za biti zote, kwa sababu kila moja inakata kwa ukingo wake tu, mahali palipo dhaifu. Ncha ikikaribia kutokea upande wa pili, legeza mkono. Hapo ndipo kobalti nyingi huvunjikia.

Tundu likishakakamaa ukiwa nusu ya njia, tobolea upande wa pili ukutane nalo. Kama haiwezekani, biti mpya ya kobalti, kasi ndogo sana, mafuta, na uzito wa mwili wote.

Upande wa ukuta habari ni nyingine. Hapa Lamu, nyumba za zamani za mtaa wa Mkomani ni matumbawe na chokaa, ukuta wa nusu mita hivi, na jiwe lenyewe limejaa matundu. Zima kipigo cha drili. Biti ya kawaida ya ukuta yenye ncha ya kabaidi, kipande kigumu sana kilicholehemiwa nchani, inaingia kwa kuzunguka tu, na plasta ya chokaa haibanduki vipande vipande kama mkate mkavu. Toboa kwa biti iliyo ndogo kwa milimita 1 kuliko roplagi (plagi ya plastiki inayoshika skrubu ukutani), maana kwenye matumbawe biti hucheza na tundu hutoka pana. Kwa kabati au televisheni chagua roplagi ndefu ipite plasta na kushika jiwe. Ile fupi inashika chokaa tu, na chokaa haibebi kitu.

Nguzo na linta za zege za nyumba mpya za Malindi ndizo zinazotaka biti ya SDS-plus, ya drili nzito ya kupiga, yenye mkia wa milimita 10 wenye mifereji. Ikiwa utakutana na nondo mara kwa mara, nunua ncha ya makali manne. Ya makali mawili ikinasa ukingo wa nondo, kabaidi inamegeka. Utajua umegonga nondo sauti ikibadilika na vumbi likikoma kutoka. Sogea sentimita 3. Vuta biti nje kila baada ya sentimita mbili tatu vumbi litoke, kwa sababu joto la vumbi lililosongwa ndilo linaloyeyusha ulehemu na kuiacha kabaidi ndani ya tundu. Na jamani, biti ya kabaidi ikiwa moto msiichovye majini! Inapasuka nyufa usizoziona, halafu inafia kazini siku ya pili. Wala msiinoe kwa jiwe la kijivu la grinda. Inataka jiwe la kijani au la almasi.

Impakti, ile mashine ya kufungia skrubu, nayo imeleta balaa yake. Watu husikia ile kelele wakadhani ni sawa na drili ya kupiga. Drili ya ukuta hupiga kwa mbele, kuelekea jiwe. Impakti hupiga kwa kuzungusha, pigo la ubavuni, maelfu kwa dakika. Ukiifungia biti ya kabaidi utoboe zege, unaimega kabaidi na tundu halisogei. Kwa mbao ni nzuri. Kwa chuma chembamba tumia HSS yenye mkia wa pembe sita wa robo inchi, ndogo, tena kwa uangalifu.

Biti za skrubu za impakti ziwe zimeandikwa kuwa ni za impakti, chuma cha S2, na ziwe na kiuno chembamba katikati. Kiuno kile kinajipinda kidogo kila pigo na kuiokoa ncha. Biti ya bisibisi ya kawaida imekakamazwa mpaka haina pa kujipinda, ndiyo maana hukatika ghafla. Chukua za milimita 50 zenye mfereji unaoshikwa na mdomo wa mashine. Zile fupi za milimita 25 hazijifungi humo, zinataka kishikio, na kishikio kinaongeza kuyumba.

Halafu ile vita ya PH na PZ, yaani Phillips na Pozidriv, aina mbili za msalaba wa skrubu, inayoharibu skrubu nyingi kuliko kitu kingine chochote. Tazama kichwa cha skrubu kwenye mwanga: ukiona vistari vidogo kati ya mikono ya msalaba, ni PZ. Skrubu nyingi za chipbodi za milimita 3.5 hadi 5 ni PZ2, na zile nyeusi za jipsam ni PH2. Kuweka PH2 kwenye PZ2 inaonekana inaingia, mpaka mbao iwe ngumu kama mbambakofi. Kwa mbambakofi hata biti sahihi haitoshi: kwa skrubu ya milimita 5 toboa kwanza 3.5, na ubao wa juu uutoboe 5 kamili. Paka sabuni kwenye nyuzi za skrubu. Ya shaba usiipige kwa impakti hata siku moja. Pitisha ya chuma kwanza ikate njia, itoe, kisha ya shaba ifungwe kwa bisibisi. Ukiwa na uchaguzi, nunua skrubu za Torx, zenye tundu la nyota, T20 au T25, uyasahau mateso haya. Kwa mabati, kichwa cha milimita 8 chenye sumaku, na ukifute vyuma vilivyoganda humo, la sivyo skrubu haikai hadi chini.

Hewa ya chumvi hula kila kitu. Biti ikae na mafuta, na usiirudishe kwenye kasha la plastiki ikiwa na jasho la mkono.

Neno moja kwa wenye boti. Skrubu nyingi za msalaba kwenye injini za Yamaha na Suzuki ni za kipimo cha Kijapani, JIS, na mara nyingi kichwani pana kidoa kidogo. PH2 haikai mpaka chini ya msalaba wake, inapanda na kuusaga. Nunua biti ya JIS namba 2, itakufaa hata kwenye skrubu za PH. Iliyoshikwa na chumvi ipulizie mafuta ya kulegeza kutu, iache usiku kucha, asubuhi uigonge kichwani mara mbili kabla ya kuigeuza, tena kwa mkono.