Makali ya beleshi la kufuliwa yanapomeguka

Ukipiga jiwe mara moja kwa beleshi lililofuliwa na mhunzi na makali yakameguka vipande, basi mhunzi alilichovya majini likiwa jekundu akaliacha hivyohivyo. Chuma hapo ni kigumu sana, lakini hakivumilii kishindo. Linatengenezeka.

Sugua uso mmoja kwa tupa mpaka ung'ae, maana bila hivyo hutaona rangi. Pasha moto polepole ukianzia karibu na shingo, makali yakae mbali na makaa. Rangi itatambaa kuelekea makali: manjano, hudhurungi, zambarau, kisha buluu. Zambarau inayogeuka buluu ikigusa makali tu, chovya. Hapo ni kama nyuzi 290 za Selsiasi. Ukiwahi kwenye manjano litameguka tena. Ukichelewa mpaka kijivu, litapinda kwenye udongo mkavu, na itabidi ulipashe hadi liwe jekundu, ulichovye, kisha uanze upya.

Hii inafaa kwa chuma kinachoshika ugumu, mfano kilichotokana na springi ya gari. Bamba la chuma laini halibadiliki.

Mpini nao uwe wa mti uliokauka vizuri. Mbichi husinyaa ndani ya tundu, ukaanza kucheza.