Amar Akbar Anthony: nguvu yake na udhaifu wake

Mnabishana kama kasoro kubwa ya Amar Akbar Anthony, filamu ya Kihindi ya mwongozaji Manmohan Desai (1977), ni lile tukio la hospitalini ambapo ndugu watatu wanamtolea damu mama yao kwa wakati mmoja. Hapana, si hilo. Ni kweli kwamba kitabibu haliwezekani, kwa kuwa damu inaonekana ikipanda kwa mirija mitatu hadi kwenye chupa moja na kisha kumshukia mgonjwa, lakini liliwekwa kama ishara: Mhindu, Mwislamu na Mkristo, waliotenganishwa utotoni siku ya tarehe 15 Agosti, Siku ya Uhuru wa India, wanamrudishia uhai mama mmoja ambaye hakuna anayemtambua.

Udhaifu halisi, kwa maoni yangu baada ya kuitazama mara nyingi, uko kwa wahusika wa kike. Lakshmi, anayeigizwa na Shabana Azmi, anaingia akiwa tapeli mwerevu wa barabarani, ila Amar, yule ndugu Mhindu, akishamchukua nyumbani kwake anabaki mtulivu asiye na la kufanya, na hapo filamu inapoteza mtu ambaye angeweza kutuchekesha sana.

Vichekesho ndivyo vinavyoibeba. Mtazameni Amitabh Bachchan kama Anthony, yule ndugu Mkristo, amelewa na uso umevimba, akiikaripia taswira yake kwenye kioo huku akiitibu, na plasta anaibandika kwenye kioo badala ya usoni. Hata hivyo, asiyevumilia sadfa nyingi kwa muda wa saa tatu atachoka mapema.