Bibi harusi kurusha vipepeo kwa ajili ya marehemu baba yake

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Tunaishi Marekani. Binti yangu anaolewa, na baba yake alifariki mwaka jana. Ukumbini wanauza vipepeo wa kufugwa, kila mmoja ndani ya bahasha. Bibi harusi humnong'oneza kipepeo maneno kisha humrusha, eti ayafikishe mbinguni. Binti anataka kumpelekea baba yake salamu. Vijana wa msikitini wanasema ni thawabu, kwa kuwa anamwacha huru kiumbe. Nifanyeje? Jamaa wa kiume tuliyebaki naye ni ami yake tu, yuko Mombasa.

JIBU: Wa alaykumus salaam, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo. Binti usimkaripie, yatima anayeolewa ana uchungu wake.

Kunong'oneza kusifanyike. Mwenyezi Mungu amesema yuko karibu, huitikia maombi ya mwombaji anapomwomba. Mdudu hapelekei maiti salamu.

Lakini hii hoja ya thawabu imenikera. Anayemfunga kiumbe ili apate kumfungua mbele ya kamera amemwacha huru vipi? Kipepeo huyo amezalishwa kizimbani kwa sababu mteja ameagiza. Hukunjwa mbawa, hutiwa bahashani, hupoozwa kwa barafu asijitikise, husafirishwa kama kifurushi. Bahasha zikifunguliwa wengine wameshakufa, wengine huangukia zuliani wakakanyagwa. Jioni ya baridi haruki kabisa, kwani mbawa zake zahitaji joto.

Na vijana wangesoma fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafi wasingelisema hilo. Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj ameeleza kuwa aliyemiliki windo kisha akaliachia, umiliki wake hauondoki, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Washarehe, yaani wanazuoni waliokifafanua kitabu hicho, wakakataza kuliachia hivihivi kwa kuwa kunafanana na saiba, wanyama walioachiliwa zama za ujahilia, ambao Qur'ani imewakanusha katika Suratul Maida, aya ya 103. Thawabu imetoka wapi?

Kuna madhara pia. Vipepeo aina ya monaki wanaofugwa kwa msongamano huweza kubeba vimelea na kuwaambukiza wale wa porini, ambao wengi wao kila vuli huruka hadi Meksiko. Ndiyo maana wataalamu wengi wa vipepeo huko kwenu wanaipinga biashara hii. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kudhuru. Kwa hayo yote, nasema haijuzu.

Sisemi kufuga ni haramu. Abu Umayr, mtoto mdogo wa zama za Mtume, alikuwa na kidege chake na Mtume hakumkataza. Ndugu zetu wa Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, huuza pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya kifuko chake, tangu miaka ya 1990. Pupa hao hupelekwa kwenye nyumba za maonyesho, wakitoka vipepeo wakalishwa, na pato hilo humpa mwanakijiji sababu ya kuuacha msitu usimame. Hiyo ni riziki.

Binti yako, dada, anachotaka ni baba yake awepo. Sahaba Saad bin Ubada alimuuliza Mtume kama sadaka itamfaa mama yake aliyekufa, akaambiwa ndiyo. Basi pesa za vipepeo azitoe sadaka kwa niaba ya baba yake, na siku ya harusi, kabla ya kutoka nyumbani, akae nawe mumwombee dua. Ikiwa ukumbi haurudishi malipo, yaacheni yapotee, lakini waambieni vipepeo wasiletwe.

Hukuniuliza habari za walii, yaani msimamizi wa kumwozesha binti, nami siwezi kunyamaza. Babu mzaa baba, kaka na watoto wa kiume wa kaka wakiwa hawapo, ami ndiye walii. Mpigie leo. Kama hawezi kusafiri, amfanye imamu wa msikiti wenu kuwa wakili wake kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili, na imamu ayapate kabla ya siku ya ndoa.