Muhuri wa Nero: maswali yenu kuhusu akiki ya Napoli

Nilipotaja akiki nyekundu ya Kirumi yenye picha ya kuchongwa, iitwayo Muhuri wa Nero kwa jina la kaisari wa Roma, iliyopo Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia huko Napoli, mliniandikia wengi. Nayajibu manne.

Huyo aliyefungwa mtini kakosa nini?

Zumari ndiyo iliyomponza. Ni Marsyas, nusu mtu nusu mnyama. Wagiriki walisimulia kwamba mungu wa kike Athena alitupa zumari zake alipoona zinamvimbisha mashavu. Marsyas akaziokota, akazimudu, kisha akajitia kushindana na Apollo, mungu wa muziki. Alishindwa, akahukumiwa kuchunwa ngozi. Mchongaji kachagua muda kabla ya kisu: Apollo kasimama na kinubi chake, hana haraka, Marsyas mikono i nyuma, na kijana Olympos, mwanafunzi wake, kapiga magoti anamwombea mwalimu. Yote hayo kwenye jiwe la sentimita 4 hivi! Mimi jicho langu humwendea Olympos kila mara.

Jiwe gumu hivyo lilichongwaje?

Kwa kekee, na subira. Chuma kitupu hakiwezi akiki, kwa hiyo mafundi walipaka nchani mafuta yenye unga wa mawe makali. Unga ndio uliokula jiwe. Picha ilichimbwa kwa ndani na kinyume, ili ikigandamizwa kwenye nta itokeze ikiwa sawa.

Nero aliivaa kweli?

Hakuna ushahidi. Katika karne ya 15 mchongaji Lorenzo Ghiberti wa Florence aliitengenezea fremu ya dhahabu, akaizungushia herufi za jina la Nero. Fremu imepotea, jina limeng'ang'ania. Lorenzo de' Medici, mtawala wa Florence, naye akaichongesha LAVR.MED, kifupi cha jina lake, kwenye jiwe lenyewe, kama sufuria linalopelekwa shughulini. Kazi yenyewe huhusishwa na mchongaji Dioskourides, aliyemchongea kaisari Augustus muhuri.

Nimeonyeshwa pete kama hiyo, inasemekana ya Kirumi. Ninunue?

Itazame kwa lenzi. Ukiona viputo ni kioo, ingawa hata Warumi walitengeneza vya kioo. Likiwa jiwe, bado usishangilie: mwanamfalme wa Poland, Stanisław Poniatowski, alikuwa na vito kama 2,500, vingi vikiwa na visa vya Kigiriki na saini za wachongaji wa kale, kumbe vilichongwa enzi zake. Vilipigwa mnada London mwaka 1839. Muuzaji wako asipokuwa na karatasi za kuonyesha ilikopita, mlipe bei ya pete ya kawaida.