"To" ya barua za biashara

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, Masasi, mkoani Mtwara. Barua zetu kwa wanunuzi wa nje huzimalizia kwa "We look forward to hear from you". Mgeni mmoja alinisahihisha akaandika "hearing", lakini shuleni nilifundishwa kwamba baada ya "to" kitenzi hakiongezwi kitu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mgeni wako yuko sahihi, na kosa lako linaeleweka kabisa. Kiingereza kina "to" mbili: moja hutangulia kitenzi, kama katika "I want to hear", na nyingine ni kihusishi, ambacho hufuatwa na nomino au kitenzi chenye "-ing". Katika "look forward to" tunayo hiyo ya pili. Ili kuitambua, weka nomino mahali pa kitenzi: "We look forward to your reply" inakubalika, ilhali "We want to your reply" haikubaliki. Sisi Waswahili hutatizika hapa kwa sababu "ku-" yetu hufanya kazi zote mbili, kama katika "nataka kusikia" na "kusikia kwake ni kuzuri", nasi hatulazimiki kuchagua.

Kuwa mwangalifu zaidi na "used to", kwani "I used to write" ni mazoea yaliyokwisha, bali "I am used to writing" ni kuzoea jambo sasa.