Jibu: Seva ya 2003 inakataa kompyuta mpya

Sasa ndugu, habari za Nakuru. Umesema kompyuta za zamani zinafungua folda ya stoo kwa seva yenu ya Windows Server 2003 (kompyuta kuu inayotunza mafaili), lakini ile ya Windows 10 mliyonunua juzi inakataa kabisa. Usiguse seva kwanza. Piga ping (amri ya kuuliza kama mashine inajibu) kwa IP yake, yaani anwani yake ya mtandao, kutoka kwa hiyo mpya, ikijibu basi waya na swichi ziko sawa, shida ni lugha tu: 2003 inaongea SMB1 peke yake, ile njia ya zamani ya Windows ya kushiriki mafaili, na Windows 10 kuanzia toleo 1709 la 2017 haiweki SMB1 yenyewe, au inaitoa ikikaa siku 15 bila kutumika.

Unaweza kuiwasha kwa Windows Features, tiki SMB 1.0 upande wa klayenti pekee (hiyo mashine inayoomba mafaili, si seva), uriistati. Lakini tafadhali iwashe kwa mashine moja tu, kopi data yote kwa diski ya nje halafu uizime hiyo SMB1, maana WannaCry, ile virusi ya Mei 2017 iliyofunga mafaili ya watu ikidai pesa, ilipitia mlango huo huo, na Microsoft waliacha kuitunza 2003 tangu Julai 2015.

Mimi nilianza na Windows NT 4.0 ya miaka ya tisini na hizi seva nazipenda kweli. Kuna moja hapa Kisumu kwa duka la hadwea, niliifungua nikapata vumbi limeganda kwa feni kama blanketi na bado inatoa risiti, halafu usiku mmoja stima ikapotea, asubuhi diski inalia tik tik tik, bakapu hakuna, tukaandika madeni ya wateja upya kutoka kwa vitabu vya kaboni wiki mbili nzima.

Ukishakopi, fungua faili mbili tatu kwa mashine ingine uone zinafunguka, ndio uniambie data ni GB ngapi tuone utaihamishia wapi.